Kushindwa Kazini: Kwa Nini Maumivu Peke Yake Hayafundishi

Mfanyakazi wa Dar es Salaam husikia kauli mbili kuhusu kushindwa, na kauli hizo hazipatani. Ya kwanza huisikia kwenye semina za ujasiriamali, kwenye vipindi vya redio vya asubuhi akiwa ndani ya daladala au mwendokasi, na kwenye video fupi anazotumiwa na marafiki: usiogope kushindwa, kushindwa ni mwalimu, kila aliyefanikiwa alianguka kwanza. Ya pili huikuta akifika ofisini. Mzigo ukichelewa kutoka bandarini, hesabu zisipolingana au mteja mkubwa akihamia kwa washindani, swali la kwanza kuulizwa ni nani alifanya, na barua ya kutakiwa kujieleza huandikwa kabla mtu yeyote hajajua kilichotokea. Kila mwaka, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapowasilishwa bungeni, mvutano huohuo hupanuka ukawa wa taifa zima: wapo wanaotaka wahusika watumbuliwe siku hiyohiyo, na wapo wanaosema binadamu hukosea, tusonge mbele.

Kauli hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini zimejengwa juu ya imani moja, yaani kwamba maumivu hufundisha. Ya kwanza inaamini kwamba uchungu wa kuanguka unatosha kumfanya mtu awe mwerevu zaidi. Ya pili inaamini kwamba uchungu wa adhabu utafanya kazi hiyohiyo kwa haraka zaidi. Makala haya yanaeleza kwa nini imani hiyo si sahihi, na yanaonyesha jinsi fani chache ambazo zimefaulu kweli kujifunza kutokana na makosa yake zinavyofanya.

Kwanza ni lazima tutenganishe mambo manne ambayo katika mazungumzo ya kila siku huwekwa kapu moja. Kushindwa ni hali ya lengo kutofikiwa, na neno hilo halisemi chochote kuhusu tabia ya aliyehusika. Kosa ni kitendo au uamuzi uliokwenda kinyume na utaratibu unaojulikana kuwa sahihi. Uzembe ni kuujua wajibu au kuijua hatari, kisha kuipuuza. Wizi, hujuma na udanganyifu ni vitendo vya makusudi. Mambo haya hukutana mara nyingi, lakini si lazima yakutane. Duka la dawa linaweza kufunguliwa kwa utafiti mzuri, leseni zote na mtaji wa kutosha, kisha likafungwa kwa sababu ujenzi wa barabara umewahamishia wateja upande mwingine: hapo kuna kushindwa bila kosa. Kinyume chake, dereva wa basi anaweza kulipita lori kwenye kona ya barabara ya Morogoro, akafika salama na kusifiwa kwa kuwahi: hapo kuna kosa, na uzembe pia, bila kushindwa kokote. Mfano huu wa pili ndio unaonitia hofu zaidi, kwa kuwa ofisi nyingi huchunguza yaliyoharibika tu, na yaliyonusurika kwa bahati huachwa yaendelee mpaka siku bahati itakapokwisha.

Amy Edmondson, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani ambaye amechunguza makosa kazini kwa miongo kadhaa, hugawa kushindwa katika aina tatu. Aina ya kwanza ni kushindwa kunakozuilika, ambako njia sahihi inajulikana lakini haikufuatwa, kama fundi umeme anayeanza kazi bila kuzima swichi kuu. Aina ya pili ni kushindwa changamano, ambako sababu nyingi ndogo, ambazo hakuna hata moja ingeleta madhara ikiwa peke yake, hukutana siku moja na mahali pamoja. Aina ya tatu ni kushindwa katika jambo jipya, pale ambapo mtu amejaribu kitu ambacho jibu lake halikuwa likijulikana na mtu yeyote, akiwa amejiandaa na akiwa amehakikisha kwamba hasara yake, ikitokea, itakuwa ndogo.

Kauli ya kwenye semina inahusu aina ya tatu peke yake. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuenea kwa kasi. Ilipoletwa Tanzania mwaka 2008 haikupokelewa kwa kasi ile, na ikabidi namna ya kuwapata na kuwasimamia mawakala ipangwe upya kulingana na mazingira ya hapa. Aliyetarajia kwamba kilichofaulu Nairobi kingefaulu Temeke vilevile bila kubadilishwa alikosea, lakini hapakuwa na kitabu ambacho kingemweleza hivyo mapema; ni lazima jambo lijaribiwe ndipo lijulikane. Kushindwa kwa namna hiyo kunazaa maarifa mapya na kunastahili kusifiwa. Ni upotoshaji mkubwa, hata hivyo, kuchukua sifa hiyo na kuipaka kila kushindwa.

Fikiria majengo yanayoporomoka. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji letu, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, mwendo wa miguu kutoka pale, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba majengo hayo mawili yalianguka kwa sababu moja. Ninachosema ni kwamba elimu ya kupima zege, kukagua nguzo, kupima udongo na kusimamisha ujenzi unaokiuka kibali ilikuwepo miaka mingi kabla ya mwaka 2013, na kwa hiyo hakuna mhandisi anayehitaji jengo jingine lianguke ili aelimike. Wahenga walituachia msemo kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Msemo huu ni wa kweli, ila hauelezi kitu gani kifanyike kati ya kosa la kwanza na la pili, na hapo katikati ndipo ilipo kazi yote.

Kwa nini basi aliyeumia hajifunzi?

Mwaka 2019, watafiti wawili wa Marekani, Lauren Eskreis-Winkler na Ayelet Fishbach, walichapisha matokeo ya majaribio ambayo yangepaswa kujulikana na kila mwendesha semina. Waliwapa watu maswali yenye majibu mawili tu ya kuchagua. Baadhi waliambiwa majibu waliyopata na wengine waliambiwa majibu waliyokosa. Kwa kuwa majibu yalikuwa mawili, aliyeambiwa kwamba amekosa alikuwa amepewa taarifa sawasawa na aliyeambiwa kwamba amepata, maana kama jibu si hili basi ni lile. Walipopimwa tena, walioambiwa wamekosa walikuwa wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba kushindwa hugusa heshima ya mtu mbele ya nafsi yake, na mtu akiguswa hapo huacha kusikiliza. Kisha wakaona jambo la pili lenye faida kubwa kwetu: watu walipotazama kushindwa kwa mtu mwingine, hali hiyo haikujitokeza, wakajifunza vizuri tu.

Matokeo yanayofanana na hayo yalikuwa yamekwisha kuonekana kwenye kazi halisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Diwas KC, Bradley Staats na Francesca Gino ulifuatilia madaktari bingwa 71 wa upasuaji wa moyo na operesheni zao 6,516 katika kipindi cha miaka kumi. Daktari alinufaika zaidi na mafanikio yake mwenyewe kuliko makosa yake mwenyewe, lakini kwa wenzake ikawa kinyume, yaani kushindwa kwa wenzake kulimfunza kuliko kufaulu kwao. Mtu anapokosea mwenyewe huwa mwepesi wa kutaja bahati mbaya, mgonjwa aliyechelewa kuletwa, vifaa vibovu. Anapokosea mwenzake, huona uamuzi uliokosewa.

Hapo ndipo inapoanguka imani ya kwamba kushindwa ni mwalimu bora kuliko kufaulu. Kushindwa kuna taarifa nyingi, hilo ni kweli, lakini taarifa hizo ziko nyuma ya ukuta wa aibu, na anayetaka kuzifikia ni lazima ajiwekee utaratibu wa kuuvuka ukuta huo. Ndiyo maana pia anayeongeza adhabu kali juu ya aibu iliyopo anauongezea ukuta huo urefu.

Wakubwa wengi wa kazi hawatakubali sentensi hiyo ya mwisho, kwa hiyo tuitazame kwa makini. Katika miaka ya 1990, Edmondson alichunguza timu za wauguzi na madaktari katika hospitali za Marekani akitarajia kuona kwamba timu zenye uongozi mzuri na ushirikiano zingekuwa na makosa machache zaidi ya kutoa dawa. Alipokusanya takwimu alikuta kinyume, kwamba timu zilizoonekana bora zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Uchunguzi wa karibu ulionyesha sababu. Timu hizo ziliripoti makosa zaidi kwa kuwa wauguzi wake hawakuogopa kusema, ilhali kwenye wodi ambazo msimamizi alikuwa mkali makosa yalifichwa, na kosa lililofichwa haliwezi kurekebishwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996, na tangu hapo mkuu wa idara anayejivunia kwamba hakuna makosa yanayoripotiwa chini yake ana sababu ya kujiuliza kama hayatokei au hayasemwi.

Usafiri wa anga ndio uliolielewa jambo hili mapema na kuliwekea sheria. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Kimataifa wa Usafiri wa Anga, ambao Tanzania ni mwanachama wake, kinasema kwamba lengo pekee la kuchunguza ajali ya ndege ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba uchunguzi huo haukusudii kumtafuta wa kulaumiwa. Ndege ya abiria iliyoondoka Dar es Salaam ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, na watu 19 kati ya 43 waliokuwemo kufariki, uchunguzi wake ulipaswa kufuata kanuni hiyohiyo. Anayesikia hivyo anaweza kukasirika, akadhani kwamba wahusika wanalindwa. Sheria za jinai na za fidia hazikufutwa. Zina njia yake. Kilichofanyika ni kuzitenganisha njia mbili, ili anayeeleza kilichotokea asieleze huku akijihesabia miaka ya kifungo. Chumba kimoja hakiwezi kuwa mahakama na darasa kwa wakati mmoja.

Hospitali zetu nazo zina utaratibu wa aina hiyo ambao watu wengi wa nje hawaujui. Mama akifariki kwa sababu ya uzazi, kifo chake hujadiliwa katika kikao cha wataalamu kwa msingi wa kutotaja majina, kutolaumu na kutoaibisha. Kinachoulizwa ni wapi palikuwa na ucheleweshaji, na wataalamu wa afya ya uzazi tangu mwaka 1994 wametumia mgawanyo wa aina tatu za ucheleweshaji: familia kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Tazama jinsi maswali hayo yanavyopanua macho. Anayeuliza ni nani alikuwa zamu ataishia kwa mkunga mmoja. Anayeuliza kuhusu ucheleweshaji wa aina tatu anaweza kukutana na mume aliyekuwa safarini, daraja lililobomoka, gari la wagonjwa lisilo na mafuta na benki ya damu isiyo na kundi lililohitajika. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015–16 hadi 104 katika utafiti wa mwaka 2022. Kushuka huko kuna sababu nyingi, na itakuwa si haki kukipa kikao kimoja sifa yote, lakini ni vigumu kufikiria kushuka kwa namna hiyo katika mfumo ambao wakunga wake wanaficha.

Sasa tulilete jambo hili kwenye ofisi ya kawaida. Tuchukue mfano wa kampuni ya kuagiza vipuri yenye ofisi Posta na tawi Kariakoo, ambayo mhasibu wake amechelewa kuwasilisha ritani ya VAT, yaani taarifa ya kila mwezi ya kodi ya ongezeko la thamani. Ritani hiyo hutakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Yeye aliiwasilisha tarehe 24 na kampuni ikatozwa adhabu. Mkurugenzi anampa onyo la maandishi. Mhasibu anaomba radhi, anaahidi kuwa makini, faili linafungwa. Katika macho ya wote wawili, somo limepatikana.

Halikupatikana. Gari likichemsha njiani, dereva anaweza kuongeza maji kwenye rejeta na kuendelea na safari, na kwa siku hiyo tatizo litaonekana limekwisha. Lakini kama rejeta inavuja, kesho litachemsha tena, na hakuna kiasi cha maji wala cha kumkaripia dereva kitakachoziba tundu. Onyo na ahadi ya umakini ni maji. Ili kulipata tundu, kampuni ingeweza kutumia maswali manne ambayo jeshi la Marekani lilianza kuyatumia katika miaka ya 1970 baada ya kila zoezi la kivita: tulitarajia nini kitokee, kimetokea nini, kwa nini pana tofauti, na tutabadilisha nini. Jibu la swali la pili peke yake linachukua muda kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ni lazima lipatikane kwa tarehe na nyaraka, si kwa kumbukumbu. Katika mfano wetu ingeonekana kwamba ankara za tawi la Kariakoo hufika makao makuu tarehe 17 au 18, kwa kuwa karani wa kule hukusanya risiti za EFD, yaani za mashine za kielektroniki za kodi, za mwezi mzima ndipo azilete kwa mkupuo. Kwamba nywila ya mfumo wa kodi inajulikana na mtu mmoja tu. Na kwamba mtu huyo alikuwa msibani Moshi kuanzia tarehe 18. Ingeonekana pia kwamba miezi mitano mfululizo kabla ya hapo ritani ilikuwa ikiwasilishwa tarehe 20 jioni. Kampuni ilikuwa ikinusurika kila mwezi na kuiita hali hiyo kazi nzuri.

Je, mhasibu hana kosa? Analo. Alijua kwamba anaondoka na hakumkabidhi mtu. Lakini ukiondoa uamuzi wake huo na kuacha mengine kama yalivyo, kuchelewa kungetokea mwezi mwingine, kwa mhasibu mwingine. Mkurugenzi atasema kwamba mambo hayo yalikuwa wazi. Yamekuwa wazi sasa. Mtaalamu wa saikolojia Baruch Fischhoff alionyesha tangu mwaka 1975 kwamba mtu akishajua matokeo, huamini kwamba hata kabla yake angeweza kuyatabiri, na kosa hilo la kufikiri ndilo linalowafanya wachunguzi wa ndani wawe wakali kuliko haki. Anayechunguza inampasa ajiulize mhusika alijua nini saa ileile alipoamua, si yeye mwenyewe anajua nini leo.

Huenda msomaji anahofu kwamba njia hii itawaacha wazembe watambe. Sheria yetu ya kazi imekwisha kulijibu hilo vizuri kuliko ofisi nyingi zinavyolitekeleza. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, hutenganisha mwenendo mbaya na utendaji usioridhisha. Kwa utendaji usioridhisha, mwajiri anatakiwa kuangalia kama mfanyakazi alikijua kiwango alichotakiwa kufikia, kama kiwango chenyewe kilikuwa cha haki, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kutosha ya kujirekebisha. Uzembe uliokithiri, wizi na kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi vimewekwa upande mwingine na vinaweza kumwachisha mtu kazi. Kwa maneno mengine, kuuliza kwa nini kabla ya kuadhibu ni sehemu ya utaratibu wa kisheria, na mwajiri anayeruka hatua hizo anaweza kujikuta akijibu mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Ni lazima kusema pia kwamba ushauri wa kumtaka kila mfanyakazi akiri makosa yake waziwazi unaweza kuwa wa kikatili. Katika ofisi ambayo aliyekiri mara ya mwisho ndiye aliyepunguzwa kazi, kunyamaza ni kujihami, na hakuna haki ya kumlaumu anayejihami akiwa na watoto wanaosoma na kodi ya nyumba ya miezi sita. Hatua ya kwanza ni ya mwenye madaraka: atenganishe kikao cha kuchunguza na kikao cha nidhamu, vikao hivyo visiongozwe na mtu mmoja, na wa kwanza kueleza uamuzi wake uliokwenda mrama awe yeye. Baada ya hapo ndipo anaweza kudai ukweli kutoka kwa walio chini yake.

Kwa walio chini ya wakubwa wasiotaka kusikia, njia iliyobaki ni ile iliyoonyeshwa na madaktari wale wa moyo, yaani kujifunza kwa makosa ya wenzao, na hapa bodi zetu za kitaaluma zina nafasi ambayo hazijaitumia ipasavyo. Wahandisi hukutana kila mwaka katika Siku ya Wahandisi. Wahasibu wana semina za kuendeleza taaluma, nyingi zikifanyika katika kituo chao cha Bunju. Madaktari, wanasheria na wakadiriaji majenzi nao wana mikutano yao. Mara nyingi tunachoonyeshwa kwenye majukwaa hayo ni miradi iliyofaulu. Ninaziomba bodi hizo zitenge saa mbili katika kila mkutano kwa ajili ya mradi mmoja ulioshindwa, ukiwa umeondolewa majina ya watu na kampuni, na wasilisho lifuate maswali yale manne, nyaraka zikiwa mezani. Mhandisi kijana aliyekuja kutoka Mbagala asubuhi akaona kwa michoro na tarehe jinsi maamuzi matano ya kawaida yalivyolifikisha jengo kwenye nyufa, ataweza kuutambua uamuzi wa sita siku atakapotakiwa kuusaini.